Toronto, Ottawa au Edmonton? Ukitafuta timu ya hoki ya kushabikia, anza kumwangalia mwenye timu

Hili swali linaibuka kila msimu ukikaribia, mwezi wa kumi hivi, na wanaouliza wengi ni ndugu zetu waliohamia Kanada miaka ya karibuni, wa Goma, wa Bujumbura, wa Dar, wa Mombasa, afu siku hizi hata walioko nyumbani kabisa wanaoangalia vipande vya mechi kwenye simu: sasa kwenye hii hoki ya barafuni nishike timu gani? Na majibu wanayopewa ni yale yale, chukua Edmonton maana ndo kuna staa McDavid, chukua Toronto maana ndo timu kubwa, chukua Ottawa kama unakaa Ottawa. Mimi sikubaliani na uchaguzi wa namna hiyo. Mchezaji anaondoka, tena mara nyingi anaondoka bila kuulizwa, asubuhi yupo mazoezini jioni keshatumwa California. Anayebaki ni mwenye timu. Kwa hiyo hizi tatu nitazilinganisha kwa mpangilio wangu, kwanza nani anaimiliki, pili wanawachaguaje madogo kwenye drafti, tatu tredi zao ni za akili au za pupa, na staa aliyepo leo namweka mwisho kabisa.

Kwa ambaye kakulia kwenye soka, kuna vitu vichache inabidi uvijue kwanza. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, hela ya usajili haipo. Simba akimtaka mchezaji wa Azam wanakaa mezani wanaongea bei, huku hakuna, timu zote 32 zinabadilishana, mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa chaguo la drafti la mwaka huu au la miaka miwili mitatu mbele, yaani unaweza kumtoa mtu mzima anayejulikana ukapewa haki ya kumchagua dogo ambaye saa hizi bado yuko shule. Hiyo ndo tredi. Mchezaji hana kauli, labda kama mkataba wake una kipengele cha kukataa kuhamishwa. Drafti yenyewe inafanyika mwezi wa sita, raundi 7, madogo wengi ni wa miaka 18, timu zilizofanya vibaya ndo zinatangulia kuchagua ila kwa bahati nasibu, ukishika mkia nafasi yako ya kupata namba moja ni asilimia 25.5 tu. Na juu ya yote kuna kikomo cha mishahara, msimu wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 95.5 kwa kikosi kizima, ukifika hapo basi, hata uwe bilionea wa namna gani. Ndo maana nasema mwenye timu ni muhimu kuliko anavyoonekana, maana hawezi kuwashinda wenzake kwa kumwaga hela kwa mastaa, anawashinda kwa kuchagua meneja mkuu mwenye akili, kulipa maskauti, kutunza uwanja, na kuvumilia timu inapojengwa upya badala ya kumpigia meneja simu usiku eti niletee jina kubwa.

Mfano mzuri wa haya yote ni wa kwetu kabisa, Johnny Oduya. Kazaliwa Stockholm, mama Mswidi, baba Mkenya. Washington walimchagua kwenye drafti ya 2001 akiwa wa 221, nafasi ambayo majina mengi yanasahaulika wiki hiyo hiyo, na hata kuwachezea hakuwahi. Akaja kuingia ligi na New Jersey. Mwezi wa pili 2010 New Jersey wakamtaka staa Ilya Kovalchuk wa Atlanta, Oduya akawekwa kwenye kifurushi akapelekwa Atlanta. Mwaka uliofuata wenye timu ya Atlanta wakachoka, wakaiuza, timu nzima ikahamishiwa Winnipeg, kwa hiyo jamaa akajikuta kwenye baridi ya Manitoba bila kutredishwa, ni timu ndo imehama naye ndani. 2012 akapelekwa Chicago kwa machaguo mawili ya drafti, raundi ya pili na ya tatu, na huko akabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, 2013 na tena 2015. Mtoto wa Mkenya, beki wa kutegemewa, makombe mawili. Msimu wa 2017-18 akavaa pia jezi ya Ottawa kwa muda. Drafti, tredi na umiliki vyote vimepita kwenye maisha ya mtu mmoja.

Haya tuingie kwenye timu.

Wenye timu

Naanza na Ottawa Senators kwa sababu hapa ndo utaona mmiliki anavyoweza kuiumiza timu na mwingine anavyoweza kuiinua. Timu hii ilirudi kwenye ligi 1992, na mwanzoni mwa 2003 ilikuwa imefilisika kisheria kabisa, iko mahakamani. Akaja Eugene Melnyk, tajiri wa kampuni ya madawa, akainunua. Na haki yake apewe, bila yeye huenda Ottawa leo haina timu, na 2007 walifika fainali wakafungwa na Anaheim. Lakini miaka ya mwisho ilikuwa mateso. Timu ikawa inaendeshwa kwa kubana kila senti. Daniel Alfredsson, nahodha aliyekaa miaka na miaka, mtu ambaye mji mzima unamuita kwa jina la utani, aliondoka 2013 kwenda Detroit kwa sababu ya mambo ya mkataba. Mwezi wa tano 2017 walikuwa goli moja tu kuingia fainali, mechi ya saba dhidi ya Pittsburgh (kwenye mtoano mnacheza mpaka mechi saba, wa kwanza kushinda nne anapita), muda wa nyongeza wa pili, Chris Kunitz akafunga, basi. Miezi saba baadaye, Desemba hiyo hiyo ya 2017, siku moja kabla ya mechi ya kihistoria ya kuchezwa nje kwenye baridi, sherehe ya miaka 100 ya ligi, Melnyk akawaambia waandishi kwamba mambo yakiwa mabaya timu inaweza kuhamishwa. Kwenye sherehe! Watu waliumia mno. Mashabiki wakachangishana wakalipia mabango makubwa barabarani ya kumtaka aondoke. Mradi wa uwanja mpya katikati ya mji pale LeBreton ukaishia kwenye kesi mahakamani kati yake na mshirika wake.

Melnyk alifariki Machi 2022, timu ikabaki kwa mabinti zake wawili, na 2023 kundi la Michael Andlauer likanunua asilimia 90 huku mabinti wakibaki na 10, kwa thamani ya dola milioni 950 za Marekani, bei ambayo wakati ule haikuwahi kutokea kwenye NHL. Andlauer ni mtu wa usafirishaji, malori yanayobeba madawa na bidhaa za hospitali, na hoki anaijua, alikuwa na timu ya vijana na alikuwa na hisa Montreal ambazo ilibidi aziuze. Cha kwanza alichokumbana nacho ni deni la wenzake. Uongozi wa zamani ulikuwa umemtredi Evgenii Dadonov kwenda Vegas 2021 bila kuweka sawa orodha ya timu anazozikataa, Vegas walipotaka kumpeleka Anaheim mwaka uliofuata tredi ikafutwa, na tarehe 1 Novemba 2023 ligi ikaamua Ottawa inyang'anywe chaguo la raundi ya kwanza, moja kati ya miaka mitatu. Siku hiyo hiyo meneja mkuu Pierre Dorion akaondoka. Andlauer akakaa mbele ya kamera akasema wazi kwamba wakati ananunua hakuambiwa uzito wa jambo hilo, na kwa mimi hapo ndo nilimkubali, kwa sababu hakujificha nyuma ya taarifa ya maandishi. Afu Alfredsson akarudishwa, leo mashabiki wanamuona tena akiwa na timu. Na Septemba 2024 wakatangaza makubaliano ya awali ya kununua kiwanja LeBreton. Ukijua kwamba uwanja wa sasa uko Kanata, kilomita zaidi ya 20 magharibi mwa katikati ya mji, utaelewa kwa nini watu wanaisubiri hiyo habari kwa hamu namna hii, yaani mtu asiye na gari anakaa kwenye basi muda mrefu kuliko kipindi chenyewe cha mchezo.

Edmonton ni stori nyingine. Agosti 9, 1988, mmiliki wa wakati huo Peter Pocklington alimpeleka Wayne Gretzky, mchezaji bora kuliko wote waliowahi kugusa paki, kile kidude kinachopigwa badala ya mpira, kwenda Los Angeles, na kwenye kifurushi kulikuwa na wachezaji, machaguo matatu ya raundi ya kwanza, na dola milioni 15 taslimu, enzi hizo hela bado iliruhusiwa kwenye tredi. Timu ilikuwa imetoka kubeba kombe mwaka huo huo. Hakukuwa na sababu ya kimchezo, ni hela. Mbunge mmoja kule Ottawa aliomba serikali iingilie kati. Miaka kumi baadaye timu yenyewe ikawa inanyemelewa na mnunuzi wa Houston, na ndipo wafanyabiashara wa Edmonton, zaidi ya 30, wakaunganisha hela zao wakainunua isiondoke, jambo ambalo kwa kweli linanigusa kila nikilikumbuka. 2008 wakamuuzia Daryl Katz, huyu alitajirika kwa maduka ya dawa, kwa dola milioni 200 za Kanada. Katz kajenga Rogers Place iliyofunguliwa 2016, uwanja mzuri katikati ya mji na treni inakushusha pale pale, ila sehemu kubwa ya hela ya uwanja ilitoka kwa umma, na 2012 katikati ya majadiliano alienda kuonekana Seattle, ujumbe ukaeleweka, mji ukakasirika mpaka akalipia matangazo kwenye magazeti kuomba radhi. Kwa hiyo ni mmiliki mwenye mapenzi na timu, anatoa hela, lakini alishaonyesha kwamba ana uwezo wa kuutishia mji wake.

Toronto Maple Leafs hawana mwenye timu kwa maana ya mtu, wana kampuni. Inaitwa MLSE, ni kampuni ya michezo ambayo chini yake kuna pia Raptors ya kikapu na Toronto FC. Zamani kidogo sehemu kubwa ilikuwa ya mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, ndio, walimu wa shule, mpaka 2012 walipowauzia Rogers na Bell, makampuni mawili makubwa ya simu ambayo kibiashara ni mahasimu, kwa dola bilioni 1.32 za Kanada. Mahasimu wawili kwenye nyumba moja. Afu 2024 Rogers wakakubaliana kununua hisa za Bell kwa bilioni 4.7 na mwezi wa saba 2025 ikakamilika, sasa Rogers wana asilimia 75. Rogers hao hao ndo wana haki za kuonyesha NHL Kanada nzima. Faida ipo, Leafs hawatafilisika na hawatahama, hilo lala usingizi. Hasara ni kwamba tiketi zinauzwa timu ikishinda au ikishindwa, na kampuni haiumii usiku timu ikifungwa mechi ya saba. Kombe la mwisho ni 1967, ligi ikiwa na timu sita tu. Naamini kabisa hayo mambo mawili yana uhusiano.

Madogo wa drafti

Hapa Edmonton walipewa kila kitu, na wakapoteza nusu. Namba moja 2010 Taylor Hall, namba moja 2011 Ryan Nugent-Hopkins, namba moja 2012 Nail Yakupov, tena namba moja 2015 Connor McDavid, na hiyo ya mwisho waliipata kwa bahati nasibu wakiwa na nafasi ya asilimia 11.5 tu. Katikati hapo, 2014, wakamchukua Leon Draisaitl wa Ujerumani akiwa wa tatu. Machaguo manne ya namba moja ndani ya miaka sita! Na bado ilichukua mpaka 2024 kufika fainali, kwa sababu kwenye raundi za chini walikuwa hawapati watu, na namba moja ukimpata kila mtu anakusifia ila timu inajengwa pia na wa 60, wa 130, wa 221 kama Oduya. Mfano mdogo tu: 2015 waliwapa New York Islanders chaguo la 16 na la 33 ili wampate Griffin Reinhart, na kwa lile la 16 Islanders wakamchukua Mathew Barzal. Reinhart alipita tu, Barzal akawa staa.

Toronto nao drafti zao za juu sio mbaya hata kidogo: Morgan Rielly wa tano 2012, William Nylander wa nane 2014, Mitch Marner wa nne 2015, Auston Matthews namba moja 2016. Matthews mechi yake ya kwanza kabisa alifunga mabao manne, na ilikuwa dhidi ya Ottawa, na Ottawa wakashinda 5-4 kwenye muda wa nyongeza, hiyo mechi moja inakueleza Toronto yote. 2021 wakampata Matthew Knies akiwa wa 57, hapo maskauti walifanya kazi. Na Easton Cowan, wa 28 mwaka 2023, watu wengi walishangaa alipoitwa, sasa huyo dogo 2025 kachukua Memorial Cup, kombe la timu za vijana za Kanada, na London Knights akiwa mchezaji bora wa mashindano. Tatizo la Toronto sio kuchagua, ni kwamba hawana subira ya kuyatunza machaguo. La 2025 lilienda Chicago, la 2026 likaenda Boston kwa masharti kwa ajili ya beki Brandon Carlo, la 2027 likaenda Philadelphia kwa masharti kwa ajili ya Scott Laughton. Raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo. Ukitoa mbegu zote shambani ule leo, sawa, utashiba leo.

Ottawa wana Brady Tkachuk, wa nne 2018, sasa nahodha. Wana Tim Stützle wa tatu na Jake Sanderson wa tano, wote drafti ya 2020, yaani jioni moja umepata fowadi wa kwanza na beki wa kwanza wa miaka kumi. Wana historia pia ya kuokota chini, Alfredsson alikuwa wa 133 mwaka 1994 na Mark Stone wa 178 mwaka 2010. Sio kwamba hawakosei, 2021 nafasi ya kumi walimchagua Tyler Boucher wakati wengi walimtegemea aende chini zaidi, na majeraha yakamwandama. Kuna Carter Yakemchuk, beki mkubwa wa saba 2024, huyo namfuatilia kwa karibu, ana shuti la nguvu na mikono laini kwa beki wa umbo lile. Ila kati ya timu hizi tatu, kiini cha Ottawa ndo kina umri mzuri wa kukua pamoja, na mimi hicho nakithamini kuliko majina.

Tredi

Tredi inayoeleza Ottawa vizuri ni ya Erik Karlsson, Septemba 2018, na hapa naomba uvumilie nieleze kwa urefu maana ndo utaona hii michezo ya kubadilishana inavyokwenda. Karlsson alikuwa beki bora wa kushambulia duniani, nahodha, kipenzi. Timu haikutaka au haikuweza kumlipa anachostahili. Wakampeleka San Jose, wakapata Chris Tierney, Dylan DeMelo, chipukizi Josh Norris, Rudolfs Balcers, na machaguo, mojawapo la raundi ya kwanza 2020. Siku ile mji ulilia, na kila mtu aliona ni wizi, San Jose walikuwa timu nzuri kwa hiyo chaguo lao lingekuwa la mwisho mwisho. Msimu wa 2019-20 San Jose wakaporomoka, lile chaguo likawa la tatu kwenye drafti nzima, Stützle. Afu Norris mwenyewe, Machi 2025, akapelekwa Buffalo na Ottawa wakampata Dylan Cozens, kijana wa Whitehorse kule Yukon. Kwa hiyo maumivu ya 2018 ndo mstari wa kwanza na wa pili wa mashambulizi wa leo. Ila usidanganyike kwamba Melnyk alikuwa na mpango, miezi mitano baada ya Karlsson wakamtoa Mark Stone kwenda Vegas, kikubwa walichopata ni Erik Brännström ambaye hakuwa yule waliyemtarajia, na Stone 2023 akabeba kombe akiwa nahodha wa Vegas, akafunga mabao matatu kwenye mechi ya kulinyakua. Hapo walipigwa. Na kabla ya hapo 2017 walimleta Matt Duchene kwa kutoa raundi ya kwanza, wakachagua kubaki na la 2018 ambalo ndo Tkachuk, wakatoa la 2019 ambalo likawa la nne, Bowen Byram. Chini ya Andlauer tredi zimekuwa za utulivu zaidi, kipa Linus Ullmark aliletwa kutoka Boston 2024 kwa chaguo la 25, Joonas Korpisalo na Mark Kastelic, na 2025 wakarudi mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017. Walitolewa na Toronto mechi sita, lakini walitoka vichwa juu.

Toronto kwenye tredi wana makovu. 2006 walimtoa kipa chipukizi Tuukka Rask wakampata Andrew Raycroft, Rask akaja kuwa ukuta Boston. 2009 wakamchukua Phil Kessel kutoka Boston hao hao kwa raundi mbili za kwanza na moja ya pili, Boston wakazigeuza kuwa Tyler Seguin na Dougie Hamilton. Kessel alifunga mabao mengi Toronto, simlaumu, ila timu ilikuwa mbovu na unapokuwa mbovu chaguo lako ni dhahabu, hulitoi. 2019 wakamtoa Nazem Kadri kwenda Colorado, na huyu kwa wasomaji wengi wa pwani ataingia moyoni haraka, Mwislamu, asili ya Lebanon, mzaliwa wa London ya Ontario. 2022 akabeba kombe na Colorado na akalipeleka msikitini kwao London. Ilitakiwa iwe jezi ya Leafs ile. Na mwisho Marner, mtoto wa Markham pale jirani na Toronto aliyekulia akiipenda timu, 2025 akaenda Vegas na wao wakabaki na Nicolas Roy peke yake, kwa sababu mkataba wake ulikuwa unaisha na alikuwa na haki ya kukataa kuhamishwa, kwa hiyo miaka yote ambayo wangeweza kupata kitu kikubwa waliipitisha wakitumaini. Misimu tisa mfululizo kwenye mtoano mpaka 2025, wameshinda raundi mbili tu.

Edmonton nitapita haraka. Hall kwa Adam Larsson 2016, mmoja kwa mmoja, na Hall akaenda kuwa mchezaji bora wa ligi 2018 akiwa New Jersey. Ila kwa soko la wachezaji huru, yaani walioishiwa mikataba, wamefaidi, Zach Hyman alitoka Toronto 2021 akaja kufunga mabao 54 msimu wa 2023-24. Na majira ya joto ya 2024 wakalala, St. Louis wakawachukua Philip Broberg na Dylan Holloway kwa mkupuo kwa kuwapa ofa za mkataba ambazo Edmonton hawakuzilinganisha, kwa sababu hawakuwa na nafasi kwenye kikomo cha mishahara. Fainali 2024 wakafungwa mechi ya saba na Florida, 2025 wakafungwa tena na Florida hao hao.

Sasa wewe uchukue ipi

Kama unataka kuangalia hoki nzuri kuliko zote leo hii, na hujali kesho, chukua Edmonton. McDavid na Draisaitl kwenye barafu pamoja ni kitu ambacho wajukuu wako watakuuliza, na McDavid Oktoba 2025 kaongeza miaka miwili tu kwa milioni 12.5 kwa mwaka, chini ya thamani yake ili timu iweze kulipa wengine. Miwili tu, kumbuka hilo. Ukiingia Edmonton ingia ukijua saa inahesabu.

Kama unakaa Toronto, Mississauga au Brampton na kazini kwako kila mtu anaongelea Leafs, sitakwambia uache, ushabiki wa pamoja una raha yake na Matthews na mabao yake 69 ya msimu wa 2023-24 sio mtu wa kumkosa. Ila usinunue tiketi kwanza, bei zao ni kali mno kwa mtu anayeanza maisha, angalia kwenye runinga, na kila wanapotaka kutoa raundi ya kwanza nyingine kwa ajili ya mtu wa miaka 31, kasirika, una haki.

Kwa wengine wote, na hasa kwa mwenye watoto wanaokulia hapa, nasema Ottawa. Mmiliki ana uso na anaongea, kiini cha timu ni vijana, machungu makubwa yamepita, na tiketi za katikati ya wiki zinapatikana bila kuuza kitu cha ndani. Mtoto wa miaka minane leo anaweza kukua na Stützle na Sanderson. Nina wasiwasi na mambo mawili, Tkachuk akifika mwisho wa mkataba wake 2028 atabaki au la, na ule uwanja wa LeBreton usije ukageuka maneno kama wa kwanza. La pili ndo litakalonionyesha Andlauer ni mtu wa namna gani hasa, kwa hiyo ukishika Ottawa, habari za kiwanja zisome kwa makini kama unavyosoma matokeo.

Na kwa walioko Nairobi, nyie mna timu yenu pia, Kenya Ice Lions, waliokuwa wanafanya mazoezi kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu pale Panari, wakaja Kanada 2018 wakacheza na mastaa wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikapokelewa rasmi kwenye shirikisho la kimataifa. Hiyo haina drafti wala tredi wala bilionea. Ishike pamoja na yoyote kati ya hizi tatu.